Daftari Linalomsubiri Baba

Shangazi Albina, shikamoo. Naomba unisaidie kabla sijapasuka, maana hapa nilipo nimechoka na watoto, nimechoka na baba yao, na hata mama yangu mzazi nimemchoka, Mungu anisamehe.

Mimi ni mke wa mwanajeshi, naishi Ngumbo huku ziwani, mume wangu Ladislaus ni sajenti na kambi yake iko mbali, anakuja likizo mara moja kwa mwaka, mwezi wa saba, kwa siku ishirini na nane tu, basi miezi yote iliyobaki nalea peke yangu Joakim wa miaka kumi na tatu na Glorious wa miaka tisa, nalima muhogo, naanika usipa, dagaa wa huku kwetu, na watoto wenyewe hawanisikii, nikisema neno ni kama nimeliambia jiwe, mpaka nilipogundua kwamba nikimtaja baba yao wananyamaza. Ndipo nikaanzisha daftari. Mtoto akikosa simchapi wala sigombani naye, naandika kosa na tarehe, namwambia baba anakuja, na baba akifika namsomea. Mwaka jana alikuwa hajavua hata buti nikamsomea makosa arobaini na moja, Joakim akarukishwa kichura siku mbili, kwa mbuzi aliyemwacha akala mahindi ya katekista, kwa jembe alilopoteza mwezi wa tisa, kwa kuoga ziwani saa za shule, na mimi nikasema afadhali, sasa na mimi nina mzazi mwenzangu.

Mwaka huu nimeaibika, Shangazi. Siku tatu kabla baba hajafika Joakim alipanda gari la mizigo akaenda Ukata, huko juu milimani, kwa bibi yake, eti kumsaidia kuchuma kahawa, na amesema hateremki mpaka likizo ya baba iishe, na mama yangu badala ya kumrudisha ananiambia kwenye simu kwamba kahawa ni nyingi mwaka huu. Glorious alibaki, lakini baba alipoingia uani yule mtoto alisimama wima, mikono ubavuni, akasema, "Shikamoo, afande." Mimi nilicheka. Ladislaus hakucheka. Nilipoleta daftari akaniambia nilirudishe ndani, na tangu siku hiyo anashinda ufukweni anashona nyavu za kaka yake, nikimwambia twende Ukata tukamkamate mtoto anajibu kwamba yeye hamkamati mwanawe. Jana aliniuliza, "Mama Joakim, hawa watoto mimi nimewakosea nini?" Sasa hilo ni swali la kuniuliza mimi niliyeshinda nao mwaka mzima? Zimebaki siku kumi na mbili. Nimlazimishe aende, au niende mwenyewe na mgambo wa kijiji? Na makosa ya mwaka huu, ambayo yamefika hamsini na sita, nani atayashughulikia?

Mke wa Sajenti, Ngumbo

JIBU LA SHANGAZI

Marahaba, Mama Joakim. Mgambo wa kumkamata mtoto aliyekwenda kuchuma kahawa kwa bibi yake, hiyo ni mara yangu ya kwanza kuisikia, na nimesikia mengi.

Pole kwanza. Kulima, kuanika na kulea peke yako ni kazi ya watu wawili na nusu, na najua jioni hata nguvu ya kugomba haibaki. Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta kosa la Ladislaus nimgombeze, maana waume wa likizo nawajua. Nimepata moja tu, la mwaka jana, kukubali kusomewa daftari kabla hajavua buti, na hilo naona limeshamuuma. Yaliyobaki ni yako.

Mtoto kapoteza jembe mwezi wa tisa, wewe unamlaza na kosa hilo na kumwamsha nalo, anakuja kuadhibiwa mwezi wa saba. Sidhani hata huko jeshini wanafanya hivyo. Watu wa ziwani mnaambiwa samaki mkunje angali mbichi. Wewe umemkausha kabisa, halafu ukamkabidhi mtu mwingine amkunje. Umemfanya baba wa watu kuwa fimbo iliyotundikwa ukutani, leo unashangaa watoto hawaikimbilii.

Na swali lake hukulijibu. Mjibu leo hii, umwambie, "Hujawakosea, mimi ndiye niliyekutumia kuwatisha." Itakuchoma kooni, lakini sema.

Hayo hamsini na sita yamesamehewa yote. Chana kurasa, washia moto wa ugali, na Glorious awepo aone. Kesho Ladislaus apande Ukata, avae nguo za kawaida, amchukue na Glorious na amshike mkono njiani. Wewe baki na usipa wako. Akifika amwamkie mkwe wake, aombe kikapu, achume mstari mmoja na mwanawe. Asimuulize anarudi lini, asitoe hotuba, na wasipoongea siku ya kwanza asihangaike, watu wanaochuma pamoja huishia kuongea. Joakim akishuka naye, tumshukuru Mungu. Asiposhuka, baba abaki huko huko mpaka likizo iishe, na wewe uvumilie.

Kuanzia sasa kosa la asubuhi lisilale. Umeliona wewe, limalize wewe, siku hiyo hiyo, hata kama sauti yako inatetemeka. Baba akipiga simu watoto wamsimulie ziwa limetoa nini, mashtaka usiyaguse.

Na najua mkono unakuwasha kumpigia mama yako, ili Joakim aambiwe kwamba baba anakuja. Usipige. Miaka yote hii umemtangaza vya kutosha. Safari hii mwache afike tu.