Marahaba ya Siku Ile

Mjukuu wangu Neema,

Hapa Soni hatujambo, na bibi yako anavuna njegere huku akiimba. Kabla hujamkasirikia huyo jirani yako wa bwenini asiyesalimia, hebu nikueleze langu.

Enzi za Ujamaa niliteleza kwenye shamba la kijiji, kidevu kikagonga jiwe. Nikainuka kwa aibu, nikashika njia ya nyumbani, nikampita balozi wetu wa nyumba kumi bila shikamoo.

"Wewe, umekuwa mkubwa lini?" akafoka. Kisha akanitazama usoni, akapoa. "Hebu kutanisha meno nione."

Ya juu na ya chini yalipishana.

"Kumbe si jeuri," akasema. "Taya limevunjika." Akanifunga kidevu kwa shuka lake, akanipeleka mwenyewe hospitali Lushoto.

Daktari aliyafunga meno yangu kwa waya wiki sita, nikawa mtu wa uji na mrija. Bibi yako husema nyumba haijapata tena utulivu kama ule.

Waya ulipotolewa nilikwenda moja kwa moja kwa yule mzee.

"Shikamoo."

"Marahaba," akaitikia. "Na marahaba ya siku ile."

Babu yako