Nimehamisha Kumi, Nimemwambia Mama Kumi na Mmoja

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na naomba usinicheke mpaka nimalize, maana mke wangu Marita ameshacheka kwa niaba ya wote. Mimi ni mwanamume wa miaka hamsini na minne, naendesha lori la kuhamisha vyombo vya nyumbani hapa Östersund, huu ni mwaka wa ishirini na sita, piano nimezishusha ngazi za ghorofa nne bila mkwaruzo, na sasa nimeshindwa na mtu mmoja wa kwenye kompyuta mwenye pua kubwa na mikono iliyokunjwa kifuani.

Mama yangu ana miaka themanini kasoro mmoja, anaishi peke yake kijijini kwetu kando ya ziwa, katika nyumba ile ile alikoolewa, na mwezi wa pili mwaka huu aliteleza kwenye barafu karibu na banda la kuni akalala pale karibu saa nzima, mpaka dereva wa gari la kusukuma theluji alipoiona skafu yake nyekundu, na tangu siku hiyo simu ikilia tu moyo wangu unaruka, kwa hiyo nikamtafutia nyumba ndogo hapa mjini, ghorofa ya chini, hatua chache kutoka kwetu, na lifti ipo ingawa haina kazi kwake, nikamsihi ahamie. Akakataa. Nikamsihi tena, akanitilia vipande vya jibini kwenye kahawa, desturi ya kwetu, kama anavyofanya siku zote, akakataa tena kwa upole.

Sasa lazima nieleze habari ya mchezo. Miaka mitatu iliyopita maktaba ya kule ilianzisha kikundi cha wastaafu cha kucheza ule mchezo wa kompyuta wa dunia ya matofali, ambamo unachimba, unajenga, unalima, na giza likiingia mazombi yanatoka kuwinda, na mama, ambaye alikwenda kwa ajili ya keki, akatoka na dunia yake mwenyewe. Humo kuna kijiji bondeni chenye wanakijiji kumi na mmoja, watu wa mchezo tu, wanaolala, wanaofanya kazi na kuuza vitu, na mama amewabandika wote majina ya majirani zetu wa zamani, waliokufa na waliohamia kusini. Evert, kwa mfano, alikuwa mtu wa posta kwetu, watoto wake walimhamishia nyumba ya wazee kule Sundsvall na hakuumaliza mwaka. Kwenye mchezo Evert anauza vitabu, na kwa kuwa mama aliwahi kumponya alipong'atwa na zombi, sijui kwa njia gani, yeye peke yake humuuzia kila kitabu kwa zumaridi moja, maana zumaridi ndiyo fedha yao.

Mwezi uliopita mama akaniambia, "Haya, mwanangu. Nitahama. Ila kwanza unihamishie hawa."

"Hawa kina nani?"

"Kina Evert. Watoe bondeni uwapeleke ng'ambo ya ziwa, kule nilikojenga nyumba mpya. Wote kumi na mmoja, na asife hata mmoja. Wewe umezoea makabati. Hebu tukuone ukihamisha watu."

Nikamwomba walau tuushushe mchezo uwe kiwango rahisi. "Rahisi ni ya watu wa Stockholm," akasema, na kiwango kikabaki kigumu.

Mshauri, nilianza kwa kumridhisha mzazi na nikaishia kunogewa, nakiri. Wanakijiji hawaji ukiwaita na kamba hawafungiki. Njia ni kumsukumia mmoja mmoja kwenye mtumbwi, maana akishakaa hatoki mpaka uuvunje mtumbwi wenyewe, kisha unapiga kasia. Nikajifunza kwamba ukimfikisha kabla hujamwekea kitanda na meza yake ya kazi anageuka kurudi alikotoka, na kwamba ukivunja mtumbwi ili ashuke na shoka likamgusa yeye, lile jitu la chuma linalolinda kijiji linakugeukia wewe, na mimi lilinirusha hewani mara mbili. Ilifika mahali niko kazini, nimebeba sofa ya watu, najiuliza kwa nini yule aliyeitwa Gerda amegoma kulala nyumba ya mawe na amekubali ya mbao, kumbe kitanda cha ile ya mawe nilikiweka mahali asipoweza kukifikia. Kumi nikawafikisha salama, mchana kweupe wote.

Evert nilimbakiza wa mwisho. Ilikuwa Jumapili, mechi ya hoki ilikuwa inaanza saa kumi na moja, nikataka nimalize kabla, kwa hiyo nikatoka naye bondeni wakati jua la mchezo limeshainama. Katikati ya njia kuna kipande cha nchi kavu chenye msitu wa misonobari, hapo mtumbwi unakokotwa polepole, na giza likatukuta papo hapo. Nikauvunja mtumbwi, nikachimba shimo nimwingize Evert nifunike mpaka asubuhi. Sikuwahi. Mazombi yakaja matatu yakaniua mimi, na ukifa kwenye mchezo unaamka kitandani mwako, changu kiko bondeni. Niliporudi mbio kulikuwa kumekucha, shimo tupu, Evert hayupo. Nikaangalia kama dakika moja nikazima mashine. Mechi ilikuwa imeshaanza.

Kesho yake nikafanya jambo ambalo sijui hata niliite nini. Nikaenda kijiji kingine, upande wa pili kabisa, nikateka mwanakijiji asiye na kazi, nikamvusha, nikamwekea meza ya kusomea akawa muuza vitabu, nikambandika jina la Evert. Joho lile lile, pua ile ile. Mama hajamwona, maana ametolewa mtoto wa jicho na daktari amemkataza skrini hadi wiki ijayo. Nikampigia simu.

"Wamefika, mama."

"Wote kumi na mmoja?"

"Wote."

"Na Evert hakukusumbua?"

"Hata kidogo."

"Basi vizuri," akasema. "Alhamisi njoo unichukue, nitasaini."

Alhamisi hii, mshauri, anasaini kuiuza nyumba kwa familia moja ya Uppsala, na mimi ndiye wa kumpeleka. Marita ananiambia, "Wewe baba, hao ni vipande vya rangi tu. Barafu ndiyo ya kweli. Mwache asaini, akishakuwa salama hapa utamwambia siku moja mcheke wote." Na naona kama anasema kweli, kwa sababu nikimwambia ukweli atabaki kule, na barafu inaanza kushika mwezi ujao. Nimwambie au ninyamaze? Na swali la pili naona hata aibu kuuliza, lakini linanizunguka kichwani nikiwa barabarani: Evert alikwenda wapi? Tafadhali usitaje jina langu, mama husoma gazeti lenu kila Jumamosi.

Mhamishaji, Östersund

MSHAURI ANAJIBU

Mhamishaji, jina lako sikulitaja, ingawa umeniachia kazi ndogo sana ya kukuficha, maana umetaja mengine yote hadi rangi ya skafu. Jibu hili nakutumia leo Jumatatu. Gazetini litatoka Jumamosi, na kama macho ya mama hayajatulia, jirani yeyote atamsomea. Hesabu siku zako vizuri.

Nianze na swali ulilolionea aibu, kwa sababu mimi nililiona kabla ya lile la kwanza. Nami nina kijiji kwenye mchezo huo huo, watu kumi na tisa na paka saba, kwa hiyo nikae nawe mezani kidogo. Kwenye kiwango rahisi, mwanakijiji akiuawa na zombi amekwisha. Kwenye kiwango kigumu hafi, anageuka zombi naye, kila mara. Ukaidi wa mama yako ndio uliomwacha hai. Jua lingemuunguza, lakini wewe mwenyewe unasema pale ni msitu, na chini ya misonobari kuna kivuli. Halafu dunia ile husimama mahali ambapo hakuna mchezaji: uliangalia dakika moja, ukazima, na yule wa bandia ukampitisha upande wa pili. Basi pale shimoni hakuna kilichosogea tangu asubuhi ile, na mtu wa posta huenda yuko hatua ishirini kutoka uliposimama. Dakika moja tu ulimtafuta, bwana. Funguo za lori ungezitafuta kwa muda gani?

Dawa yake ni chupa ya kumdhoofisha, umrushie, kisha tofaa la dhahabu umlishe, halafu umjengee paa asipigwe na jua huku unasubiri. Mama yako anaijua dawa hii, ameshaitumia kwa Evert huyo huyo. Ungemuuliza angekueleza.

Kama ulidhani joho na pua vitakuficha, sahau. Yule wa bandia hamjui mama yako. Siku mama atakapokwenda kununua kitabu atatajiwa bei ya mgeni, na hapo saini itakuwa imeshakauka, funguo ziko Uppsala, naye amekaa kwenye nyumba yako ya lifti akijua jinsi alivyofikishwa. Na mimi nimeisoma ile simu mara tatu. Kati ya watu kumi na mmoja, alimuuliza mmoja tu kama alisumbua. Sijui anajua nini. Ningependa sana kujua.

Sasa tuje kwa Evert wa kweli, ambaye ulimpitisha kwenye barua yako kwa mstari mmoja kama anayetaja hali ya hewa. Mama yako alimwona jirani yake akipakiwa na watoto wenye nia njema, akasikia habari ya msiba kabla mwaka haujaisha. Kisha nawe ukaja na nia njema. Hakukupa kazi ya kompyuta, ndugu yangu. Alitaka kuona utamfanyia nini mtu mzito wa kuhama siku ambayo una haraka. Sasa jibu lipo, na anastahili kulipata kabla ya kusaini.

Nakuonea huruma, usidhani sikuoni. Saa nzima ya mama kwenye barafu haitoki kichwani mwa mtoto, na kumi uliwafikisha kwa uvumilivu ambao wengi hawana. Umegundua hata kwamba mtu asiyewekewa kitanda hurudi alikotoka. Ndiyo maana nashangaa: umeniandikia ghorofa, lifti, hatua chache, lakini kitanda cha mama kitakaa upande gani hukuandika. Umemuuliza? Anataka kuliona dirisha au mlango? Loo, wanaume na makabati.

Marita mwambie yuko sahihi kuhusu barafu na amekosea kuhusu Alhamisi. Barafu ina dawa zake. Kuni zihamishie barazani wiki hii, mwaga changarawe njia nzima hadi kwenye sanduku la barua, omba manispaa impe kile kifaa cha mkononi cha kuita msaada, na wewe piga simu kila asubuhi kabla hujawasha lori. Watu wa Uppsala waambie wangoje, nyumba imekaa miaka yote hiyo na haitakimbia. Yule wa bandia usimuue ili kuficha ushahidi. Hakuomba kuletwa, mpe jina lake mwenyewe na umwachie kazi.

Kisha nenda kwa mama, usingoje Alhamisi, nenda kesho ukitoka kazini. Mwambie hivi: "Mama, Evert nilimpoteza, nikakudanganya." Hoki usiitaje, wala barafu usiitaje. Mwambie unajua pa kumtafuta, na kwamba daktari akiruhusu macho, mtakwenda wote, yeye akishika usukani na wewe ukibeba tofaa. Halafu muulize kama bado anataka kusaini. Akisema ndiyo, msaidie kufunga vyombo, na vikombe ufunge kama vya mteja. Akisema hapana, vua koti ukae.