Ski Zilizong'arishwa

Hayes, London
19 Novemba 1995

Nyanya yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, na goti lako halikusumbui unaposhuka sokoni Wundanyi. Sisi hatujambo. Mama bado anawahudumia wazee kwenye kile kituo, na anakusalimu sana.

Nina habari kubwa. Mwalimu wetu wa michezo, Miss Balwinder, atawapeleka wasichana sita Scotland mwezi wa Februari kutembea juu ya theluji. Hatuteremki tu milima kama wanavyofanya kwenye televisheni. Tutatembea bondeni na kupanda vilima siku nzima, kila mmoja na ski zake, yaani mbao mbili ndefu nyembamba zinazofungwa viatuni. Tuko kumi tunaofanya mazoezi, na wanne watabaki.

Ningependa umwone Miss Balwinder. Ni mfupi, anavaa kilemba cheusi, na hajawahi kumpigia mtu kelele. Wazazi wake walitoka Kisumu. Akikasirika hufumba macho na kuhesabu kwa Kiswahili, "moja, mbili, tatu," mpaka hasira iishe. Alipokuwa na miaka kumi na minane alivuka milima ya Norway kwa siku nne. Sasa ski hizo hizo ameniazima mimi, kwa sababu za shule hazikutosha.

Ulinifundisha kwamba kitu cha kuazima hurudi kikiwa kizuri kuliko kilivyokuja. Kwa hiyo nilizigeuza. Chini, katikati, nikakuta mikwaruzo midogo iliyolaliana kama magamba ya samaki. Nilifikiri ni mawe ya Norway. Mzee anayetunza jengo letu akanipa msasa, nikasugua jioni tatu mpaka pakawa laini. Kisha nikapaka nta ya mshumaa na kufuta kwa soksi, kama unavyofanya sakafu yako kabla ya Krismasi. Zinang'aa, Nyanya! Sijamwambia Mwalimu. Nataka ashangae.

Mjukuu wako akupendaye,
Peris


Wundanyi
4 Desemba 1995

Kwa Peris, mjukuu wangu,

Marahaba, mama. Goti liko pale pale, linanitabiria mvua vizuri kuliko redio. Mvua yenyewe imekuja na maharagwe yamefurahi. Mwambie mama yako nimepokea sweta. Linanitosha mimi pamoja na jirani.

Barua yako niliisoma mwenyewe kutoka juu hadi chini, bila kumwita mtu. Mwalimu wetu wa gumbaru, aliyetufundisha kusoma ukubwani, angekuwa hai ningempelekea ndizi. Nimefurahi kwamba unatunza mali ya watu. Huyo Miss Balwinder nampenda kabla sijamwona. Mwanamke aliyevuka milima kwa siku nne hana haja ya kupiga kelele.

Lakini kuna jambo linanisumbua, na unisamehe kwa kuwa sijui theluji. Hapa kwetu, mvua ikinyesha, udongo mwekundu unakuwa kama sabuni, na kupanda kutoka mtoni tunavaa viatu vyenye meno. Wewe umesema mtapanda vilima, na umesema ski umezifanya laini kama sakafu. Sasa, mama, utapandaje?

Nyanya yako


Hayes
6 Januari 1996

Mpendwa Nyanya,

Shikamoo. Poleni na baridi ya huko, ingawa ukiiona ya hapa utacheka. Krismasi ilipita salama. Mama alipika chapati na tukamwalika Chancelle na familia yao. Wao ni Wakongo, na baba yake aliomba kabla ya chakula mpaka chapati zikapoa.

Swali lako lilifika siku mbili kabla ya sikukuu, na tangu hapo silali vizuri. Uliliona kutoka Wundanyi jambo ambalo mimi nililishika mikononi bila kuliona.

Juzi Mwalimu aliegemeza mbao pana kwenye jukwaa la ukumbi, akatandaza zulia kuukuu juu yake, na kutuambia tupande tukiwa na ski. Chancelle alipanda kama ngazi. Mimi nilipiga hatua moja mbele, nikarudi mbili nyuma. Nikajaribu tena. Chancelle akauliza kwa sauti, "Peris, unapanda ao unashuka?" Wote wakacheka, hata mimi, lakini moyoni sikucheka.

Miss Balwinder akauliza tatizo ni nini. Nikasema viatu vinanibana. Nyanya, nilisema uongo mbele ya mtu aliyeniamini.

Baadaye nilizigeuza ski za Chancelle. Magamba yale yale, ila yake yana makali. Ukisukuma mbele yanateleza, ukikanyaga yanauma theluji na kukuzuia usirudi nyuma. Si mikwaruzo. Ndiyo meno yenyewe. Yale ya Mwalimu yalikuwa yamechakaa kwa safari, nami nikamalizia kilichobaki.

Tarehe tatu Februari kila mtu atapanda lile zulia mara tatu, na Mwalimu atachagua sita. Nataka kwenda kuliko kitu chochote nilichowahi kutaka. Lakini zaidi naona aibu. Nikimwambia, ataninyang'anya ski na nafasi. Nisipomwambia, nitamrudishia mbao mbili zilizokufa. Nifanye nini?

Mjukuu wako,
Peris


Wundanyi
19 Januari 1996

Peris wangu,

Marahaba. Futa machozi kwanza, maana karatasi yako ilikuja na madoa na sikuweza kusoma neno "zulia" mpaka mara ya tatu.

Nitakusimulia kitu ambacho hata mama yako hajui. Nilipoolewa, mama mkwe alinikabidhi jiwe lake la kusagia. Nilitaka anisifu. Nikalipeleka mtoni, nikalisugua kwa mchanga siku nzima mpaka likawa kama shavu la mtoto. Kesho yake nikamwaga wimbi, nikasaga. Wimbi likakimbia huku na huku, likaanguka chini zima zima, kuku wakala wakashiba. Mama mkwe akaja, akalipapasa, akaniambia, "Mwali, umeliosha jiwe au umelinyoa?"

Basi wewe ni mjukuu wangu kweli, hakuna haja ya kuuliza.

Hakunipiga wala hakunirudisha kwetu. Alinipa jiwe dogo gumu, akanionyesha kulidonoa, yaani kuligonga taratibu kama kuku anayedonoa mtama, mpaka jiwe lipate meno tena. Kila mwanamke alilidonoa jiwe lake lilipochoka. Jiwe kuisha meno si mwisho wa jiwe. Alinipa masharti mawili. Usidonoe jiwe lote, donoa pale tu uzito wako unapoangukia. Kwingine kubaki laini, ili mkono uteleze. La pili, alama zote zielekee upande mmoja, zikabili unakosukuma. Ukizivuruga, unga unatoka na changarawe.

Sijui kama ski ni ndugu ya jiwe. Muulize Mwalimu wako. Lakini kabla ya kumuuliza, mwambie. Hilo la kumwambia halina njia ya pembeni.

Siku hizi silisagii jiwe langu. Soud ameleta mashine ya kusaga pale sokoni, inanguruma kama simba mwenye kikohozi, na kila mtu anapeleka kwake. Jiwe liko nyuma ya jiko, kuku wanalalia.

Nyanya yako aliyenyoa jiwe


Hayes
4 Februari 1996

Nyanya mpendwa,

Shikamoo, na asante. Barua yako niliikuta mlangoni, nikaisoma nikiwa bado na begi mgongoni.

Kesho yake nilimfuata Mwalimu kwenye stoo ya michezo. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri, yakapotea yote. Nikasema, "Viatu havibani. Nilizisugua ski zako kwa msasa. Nilifikiri ni mikwaruzo." Akazichukua, akazigeuza, akapitisha kidole gumba katikati. Akafumba macho. "Moja. Mbili. Tatu." Hajawahi kupita tano, Nyanya. Siku hiyo alifika tisa.

Akafumbua macho, akauliza, "Na hii nta?"

"Ya mshumaa."

"Mpaka mshumaa!" Kisha akakaa juu ya mpira, akaanza kucheka mpaka akashika ubavu. Akasema magamba yalikuwa yamekwisha tangu Norway, na ni yeye aliyenipa bila kuangalia. Nikamwomba nimsomee barua yako. Anaelewa zaidi ya anavyosema. Nilipofika "umelinyoa" alinirudisha nyuma nisome tena. Akasema, "Nyanya yako ni fundi wa ski na hajawahi kuziona."

Ni ndugu kweli, Nyanya. Alinionyesha namna ya kutafuta pale uzito unapoangukia. Ski imepinda kidogo kama upinde. Nilisimama kwa miguu yote miwili, naye akapitisha karatasi chini, ikapita kwa urahisi chini ya nyayo. Nikasimama kwa mguu mmoja, karatasi ikanaswa. Hapo ndipo penye kazi. Akapiga alama mbili za penseli kwenye ski, mwanzo na mwisho, na mbili kama hizo ukingoni mwa karatasi. Nje ya alama hizo tukaacha laini, kama alivyosema mama mkwe wako.

Tuliondoa nta yote kwanza. Kisha kwa patasi ndogo ya darasa la useremala tukafuata kila gamba, moja baada ya moja, tukirudishia ukingo wake makali, yote yakitazama nyuma. Mwisho tukapitisha msasa wenye chembe kubwa, hapo tu na upande mmoja tu. Ajabu, msasa huo ungenisaidia tangu mwanzo kama ningejua pa kuupeleka. Mwalimu alifanya ski moja, mimi nikafanya nyingine, mchana wa siku nne. Mkono wake hautikisiki hata kidogo. Wangu ulitikisika, lakini hakuninyang'anya patasi.

Jana ilikuwa siku ya zulia. Nilipanda mara ya kwanza, nikapanda ya pili. Ya tatu niliharakisha, nikateleza hadi chini. Wasichana saba walipanda zote tatu. Kesho atabandika majina. Hata jina langu lisipokuwepo, nimekaa siku nne na mtu kama yule.

Mjukuu wako,
Peris


Wundanyi
24 Februari 1996

Peris,

Siku hizi kila mara nashuka posta na kurudi mikono mitupu. Karani amenichoka, akiniona mlangoni anatikisa kichwa kabla sijasalimu. Waliobandikwa ni akina nani? Ukibaki Hayes, niandikie. Ukienda ukavunjika mguu, niandikie kwa mkono.

Nimewafukuza kuku kutoka kwenye jiwe. Sijalifanya lolote. Nimewafukuza tu.

Nyanya yako


Hayes
27 Februari 1996

Nyanya yangu,

Shikamoo. Samahani kwa kukuweka. Miguu ni mizima yote miwili.

Majina yalikuwa sita na langu halikuwemo. Nililia chooni, nikanawa, nikaenda kumrudishia Mwalimu ski zake, zikiwa safi. Alizipapasa tena, akasema, "Safari hii zimerudi nzuri kuliko zilivyokwenda." Alijuaje kwamba hayo ndiyo maneno niliyoyataka? Siku tatu kabla ya safari msichana mmoja akapata tetekuwanga. Yule wa saba aliyepanda zote tatu, mama yake hakukubali. Mwalimu akaja darasani, akaweka ski juu ya dawati langu.

Theluji ya Scotland haina sauti. Siku ya pili tulipanda kilima kirefu kuelekea kibanda cha mawe. Nusu ya njia palikuwa na barafu, nikaanza kurudi nyuma, kama siku ile ya zulia. Chancelle akageuka. "Peris! Usikimbie, kanyaga!" Nikakukumbuka ukieleza uzito unapoangukia. Nikasimama wima juu ya mguu mmoja, nikasubiri. Magamba yakauma. Nikahamia mguu wa pili. Yakauma. Nilifika wa mwisho, lakini nilifika bila kushikwa mkono.

Juu kule Mwalimu aliinama akatazama alama nilizoacha kwenye theluji. "Hii ni ski yangu," akasema, kisha akaonyesha alama ya ile niliyoitia makali mimi, "na hii ni ya nyanya yako." Nilitaka sana uwepo.

Barua hii nimeiandika kwenye ile karatasi tuliyopitisha chini ya ski. Alama za penseli ukingoni si makosa yangu. Nimekuachia uzione.

Mjukuu wako,
Peris


Wundanyi
22 Machi 1996

Peris, mjukuu wangu,

Marahaba, marahaba. Barua zetu zilipishana njiani kama watu wasiojuana. Nimeisoma yako mara nne, mara ya nne nikiwa nimesimama kwa mguu mmoja, na goti langu limekulaani kidogo.

Msalimu Miss Balwinder. Mwambie akifika Wundanyi atapata uji, na si wa mashine ya Soud. Nimelidonoa jiwe. Siku tatu, polepole, kwa sababu ya macho. Watoto wa jirani walikuja kutazama, mmoja akaniuliza jiwe limekosa nini.

Karatasi yako yenye penseli nimeiweka kati ya jiwe la chini na la juu. Nimeivuta. Haitoki.

Nyanya yako