Nyani na Kanga ya Njano

Jumatatu, 19 Mei. Shuleni, Manundu

Ngedere tena. Nilikuwa nasahihisha madaftari ya kidato cha pili, akaingia dirishani ofisini na kuchukua chapati zangu mbili. Tulikuwa walimu watatu, wote wanawake. Tukapiga meza, tukapiga kelele. Akala palepale juu ya kabati, taratibu, akitutazama. Mwalimu wa hesabu, mwanamume, alipoingia, hata hajafungua mdomo, ngedere akatoka.

"Huyu ana adabu," akasema. "Anamjua mwenye nyumba."

Wenzangu wakacheka. Mimi sikucheka. Imenikaa kifuani siku nzima.

Ijumaa, 23 Mei. Nyumbani, Handeni

Nimefika jioni. Mguu wa Baba bado umefungwa hogo la plasta, tangu alipoanguka na pikipiki mwezi uliopita. Mahindi yanakomaa na nyani wameshajua. Mama analinda peke yake, na debe lake. Upande wa kilimani mistari sita imekwisha. Hatuna shamba jingine. Tukilikosa hili, hakuna ugali mpaka mavuno mengine.

"Nyani hamwogopi mwanamke," anasema Baba. Anasema kama mtu anayekutajia siku ya leo. Mama anainamisha uso.

Jumamosi, 24 Mei

Nilikwenda shambani alfajiri na elimu yangu yote. Nikachoma mavi ya ng'ombe na pilipili. Nikatundika utepe wa kaseti uvume kwenye upepo. Saa mbili nyani wakashuka kama watu wanaoingia kazini. Thelathini, labda zaidi. Dume mmoja mkubwa, sikio lake la kushoto limechanika, akakaa hatua ishirini mbele yangu akamenya hindi. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Akapiga mwayo. Meno marefu kama vidole vyangu.

Hakuna aliyeona, kwa hiyo naandika: nilirudi nyuma.

Jumapili, 25 Mei

Baba ameniambia nivae nguo zake. Suruali, koti la kijani, kofia. Nikohoe kama yeye. Wanawake wa huku hufanya hivyo waume wakisafiri. Mama hataki, amesema suruali hatavaa, afadhali njaa. Nikavaa mimi. Nyani walinitazama kutoka kwenye mawe, wakaondoka. Hakuna hindi lililoguswa.

Jirani yetu Bi Mwanahamisi, mkubwa hata kwa Mama, akapita na ndoo kichwani. "Shikamoo, mzee. Mguu umepona lini?" Akacheka mpaka maji yakamwagika.

Ningefurahi. Badala yake nilipofika nyumbani nilivua lile koti nikalitupa kitandani. Koti ndilo lililolinda. Mimi nilikuwa kijiti cha kulitundikia.

Alhamisi, 29 Mei. Manundu

Nimefundisha vibaya leo. Nawaza nyani tu. Wanajuaje? Suruali haina meno. Lakini wanaume hurusha mawe, wanawake hupiga debe. Nyani wameangalia miaka yote, wamepata jibu. Basi jibu linaweza kubadilika.

Kwa nini Baba hakuwahi kumfundisha Mama kurusha? Nina hasira naye. Nina hasira na Mama pia, kwa kutouliza.

Jumamosi, 31 Mei. Nyumbani

Nimemwomba Baba anifundishe kombeo. Alilisuka mwenyewe kwa katani. Limekuwa jeusi kwa jasho la mkono wake.

"Mkono wako wa kalamu huo, mama," akaniambia.

"Kalamu haijauvunja."

Mama akaacha kupepeta. Baba akaomba kigoda, akakaa uani, mguu kaunyoosha mbele. Jiwe langu la kwanza lilikwenda nyuma, likapiga bati la choo. La pili lilimkosa kuku kidogo.

"Huyo kuku, si nyani," akasema Baba. "Usilitupe. Liache liende."

Bega linawaka moto.

Jumatatu, 9 Juni

Likizo. Kopo juu ya kigingi, asubuhi na jioni. Leo nimelipiga mara saba katika kumi. Baba hasifu. Anaagiza tu kopo lisogezwe mbali.

Mistari minne mingine imekwenda. Koti lingeizuia. Nimekataa kulivaa. Mama hanilaumu, ila akila hutazama upande wa kilimani. Nikikosea, nyumba nzima italala njaa kwa kiburi changu.

Alhamisi, 12 Juni

Nilivaa gauni, nikajifunga kanga ya njano ya Mama. Makusudi. Waone vizuri ni nani.

Wakashuka. Dume wa sikio akaja mahali palepale, akavunja hindi. Jiwe la kwanza likapita juu, hata hakugeuka. La pili likampata pajani. Alitoa sauti ya mtu mzima aliyetukanwa na mtoto. Akanijia, miruko mitatu. Sikurudi nyuma. La tatu likatimua vumbi mbele ya kifua chake. Akasimama. Akageuka. Wote wakamfuata.

Nilikaa chini kati ya mahindi nikalia. Nilimwonea huruma. Alikuwa anakula tu.

Jumanne, 17 Juni

Kila siku, kanga ileile. Mawe yanapungua. Leo nimeinua mkono tu.

"Ulikuwa umevaa nini?" Baba ameuliza.

"Kanga."

Akaomba chai.

Jumamosi, 21 Juni

Nimeamka na homa. Kabla sijasema lolote, Mama ameanua kanga kwenye kamba, amejifunga, ameondoka. Bila kombeo. Hajui hata kulishika. Asubuhi nzima nilisikiliza upande wa kilimani na sikusikia kitu.

Amerudi saa sita. Amesimulia amesimama, hajatua hata jembe. Walishuka, wakaiona kanga. Mkubwa wao akabweka, wakapanda tena. Yeye hakuinua mkono. Akacheka, halafu akakohoa kikohozi cha Baba, kilekile. Baba alikuwa mlangoni na magongo yake. Akatazama chini.

Nilipaswa kufurahi mara moja. Kwanza niliona wivu. Nilidhani wananiogopa mimi.

Jumatano, 2 Julai

Mahindi yamekauka. Tumeanza kuvuna, upande wa kilimani kwanza. Tumepungukiwa mistari kumi, lakini chakula kipo.

Kanga iko kwa Bi Mwanahamisi, shambani kwake. Ameahidi kuirudisha Ijumaa. Mama amemwambia asiifue kwa jiki, rangi isipauke.

Nipo kibarazani, napukuchua. Bati la choo limelia sasa hivi. Baba yuko kwenye kigoda chake, Mama amesimama na kombeo mkononi.

"Usilitupe," anasema Baba. "Liache liende."

Kule kwenye mawe nyani mmoja amebweka mara moja. Kisha kimya.