Kitambala ya Kilio

Nchelenge, 9 août 1974

Yaya Chabu,

Watoto wanakula vizuri. Kitambala ya kichwa yenye ulinitumia kutoka Kilwa, ngambo ingine ya ziwa, ilifika na mutumbwi ya André.

Kichwa ingali inaniuma, sasa ni mwaka ya tatu. Dawa ya muganga wa Kafutuma inatuliza kidogo tu. Mwangaza ya ziwa inanichoma macho, basi nafunga kitambala nguvu mpaka ku macho, namna wanamuke wanafunga ku kilio, na ku soko watu wanafikiri niko na kilio.

Jana Eneless, mugeni mwenye kuleta samaki kutoka Mununga, aliniuliza: "Pole, mama. Nani alikufa?"

Kila siku najibu hakuna. Jana nilimujibu: "Ni miye."

Hakucheka. Aliacha samaki yake, akakaa chini na miye mpaka soko ikaisha, namna watu wanakaa ku kilio.

Yaya, kuya unione. Usingoje kilio ya kweli.

Mudogo wako,
Mwenze