Bulugamu Zangu Kwenye Kitabu Chako

Nekesa,

Wewe umelala huko Bumula umetulia, mimi umeniachia kazi. Na kitabu chako kimeniaibisha mbele ya chifu, kwa hivyo nisikilize.

Tangu tukuzike, shamba lililo juu ya chemchemi yetu hapa Matisi limenunuliwa. Mwenyewe mpya akaleta miche ya bulugamu, apande mpaka pale tunapoteka maji. Tukamwambia mti huo hunywa kuliko ng'ombe. Akacheka. Ati, "Nani alikataza? Nionyesheni maandishi."

Maandishi! Si wewe ndiwe ulikuwa katibu wa kikundi chetu cha miti? Binti yako akanifungulia sanduku lako la bati. Vitabu vyote viko, umevifunga na kamba ya gunia, kila mkutano, hata nani alichelewa. Mimi niliyeishia darasa la tatu nilisoma siku mbili, na miwani ya kuazima. Nikapata:

"Nafula amepanda bulugamu kwa chemchemi. Maji yamepungua. Kikundi kimekataza mti huo hapo. Nafula ameambiwa ang'oe. Amekataa. Ametukana katibu."

Nekesa! Hata matusi uliandika?

Nilitafuta ukurasa mwingine wenye katazo hilo, usio na jina langu. Hakuna. Nikafunga kitabu, nikaosha vyombo vilivyokuwa safi.

Kesho yake nikaenda nacho barazani kwa chifu, nikasoma mwenyewe, mpaka hayo matusi. Watu walicheka, bana, mzee mmoja akapaliwa. Yule bwana wa shamba akauliza huyo mama mkaidi ni nani. Nikamwambia, "Si ni huyu anakusomea?"

Amerudisha miche yake. Maji bado yanatoka.

Sasa msichana wa maktaba amekuja kuchukua vitabu vikatunzwe. Nikamwomba kalamu, maana hukuandika kwamba mwishowe miti ile niliing'oa, nawe ukashika jembe upande wa pili. Kwa mkutano uliofuata wewe uliandika mvua tu! Msichana akakataa, ati kitabu cha zamani hakiongezwi kitu. Lakini barua inaweza kukaa katikati ya kurasa.

Basi naiweka hii. Pumzika, katibu wangu. Ukurasa ule sitauchana, na hakuna atakayeuchana nikiwa hai. Lakini wakikusoma wewe, watanisoma na mimi. Niling'oa.

Mwenzako mwenye mdomo,
Nafula