Uzi wa Manjano Kwenye Upindo

KITUO CHA POLISI, HOVDEVIK
Maelezo ya shahidi kuhusu bunadi ya marehemu Gudlaug Sandvik

Jina: Torgunn Aasland
Umri: miaka 53
Kazi: mkutubi wa shule, siku tatu kwa wiki, Jumatatu na Jumamosi anajitolea katika duka la mitumba la usharika
Makazi: Bakkegata 9, ghorofa ya pili, Hovdevik
Siku na saa: Alhamisi, 13 Aprili 2023, saa nne na dakika tano asubuhi
Anayeandika: Afisa Jarle Myklebost

Ninatoa maelezo haya kwa hiari yangu. Nimeelezwa kwamba nikisema uongo nitashtakiwa. Nimeelezwa pia jambo lililoninyima usingizi tangu uliponipigia simu. Kama Eldbjørg Nesse aliinunua bunadi ile, vazi letu la asili la sherehe, kwa utaratibu wa duka, basi ilikuwa yake, alikuwa na haki ya kuiuza, na Live Sandvik, mwenye miaka kumi na minne, atasimama kanisani tarehe 14 Mei, siku ya kipaimara chake, bila vazi alilorekebishiwa na bibi yake. Kama hakuinunua kwa utaratibu, vazi litarudi na Eldbjørg atashtakiwa kwa wizi. Eldbjørg ni rafiki yangu wa miaka kumi na tisa. Umeniambia nisitoe maoni, nieleze tu nilichokiona. Nitajitahidi.

Nilianza kujitolea dukani mwaka 2004. Eldbjørg alianza wiki hiyohiyo. Yeye anachambua nguo, mimi ninashughulikia vitabu. Meza zetu katika chumba cha nyuma zinatazamana, na katikati kuna birika la kahawa. Hatulipwi. Mapato ya duka yanaendesha nyumba ya wagonjwa wanaokaribia kufa, na hilo ni jema, sina neno nalo.

Lazima nieleze kanuni, maana ndiyo anayoitegemea. Mwaka 2016 watu wa hapa walianza kusema kwamba vitu vizuri wanavyovileta havifiki kwenye rafu. Walikuwa wanasema kweli. Mwenyekiti wetu alikuwa anachukua fimbo za kuvulia samaki kabla hazijashushwa garini. Aliyekuwa upande wa vyombo alikuwa na kabati zima la kaure nyumbani kwake. Mimi nilikuwa na vitabu. Wengine tulijiwekea, wengine tuliuza mtandaoni, na kila mmoja aliona cha mwenzake ndicho kibaya. Kwenye mkutano mkuu nilisimama nikawaambia kwamba mtu anayeleta nguo za marehemu mama yake hajatuletea sisi. Walinuna. Nikasema kanuni nitaiandika mwenyewe, na nikaiandika. Inasema hivi: “Mfanyakazi hataruhusiwa kununua kitu chochote kabla hakijakaa dukani siku moja nzima, kikiwa na bei.” Niliirekebisha mara nne. Nilijivunia. Nilisahau kuandika kwamba kitu hicho kionekane.

Haikupita wiki mbili, makoti ya ngozi yakaanza kuning'inia kinyumenyume, bitana nje, katikati ya majoho ya kuogea. Vitabu vya thamani vilikaa siku yao moja nyuma ya ensaiklopidia ya mwaka 1974 ambayo hakuna mtu aliyewahi kuigusa. Hivyo niliviweka kwa mkono wangu. Kama unamkamata mtu kwa kuficha nguo katikati ya majoho, lete basi la kututosha wote. Afisa ameuliza kama hiyo ni sehemu ya maelezo. Ni sehemu ya maelezo.

Jumatatu tarehe 16 Januari 2023, saa tatu na dakika ishirini asubuhi, Håkon Sandvik alileta mifuko mitano kwenye mlango wa nyuma. Alikuwa anaondoa vitu katika nyumba ya mama yake, Gudlaug, aliyezikwa kabla ya Krismasi. Hakuingia. Alisema ni mapazia na mashuka. Macho yake yalikuwa mekundu, na gari aliliacha likiunguruma. Nilimpokea mimi. Sikumwambia afungue mifuko aangalie. Huwa hatuwaambii.

Yapata saa nne Eldbjørg alifungua mfuko wa kijivu. Akaniita kwa sauti ya chini.

“Torgunn, njoo. Usiguse, mikono yako ina vumbi.”

Ilikuwa bunadi ya bonde letu, sufu ya buluu nzito, nakshi zote za mkono, kizibao na sketi na kimfuko chake cha kiunoni. Ilikuwa inanuka dawa ya nondo. Nimeona bunadi tatu tu zikiletwa dukani kwa miaka yote hiyo, na mbili za kwanza zilikuwa zimeliwa na nondo. Hii ilikuwa nzima. Eldbjørg aligeuza sketi ndani nje, na hapo tukaona upindo. Ulikuwa umekunjwa upya, umeshikizwa kwa uzi wa manjano, mishono mirefu mirefu, kuzunguka sketi nzima. Ubavuni palikuwa pamefumuliwa na kushikizwa vilevile.

Afisa huyu ni mwanamume na ni kijana, kwa hiyo nitaeleza. Uzi wa namna hiyo ni wa kupimia. Unamvalisha mtu, unamsimamisha, unakunja, unashikiza, kisha unashona mshono wenyewe na ule wa manjano unautoa. Nguo yenye uzi wa kushikizia ni nguo ambayo kuna mtu aliivaa juzi na anangoja iishe. Hakuna mwanamke wa hapa asiyelijua hilo. Eldbjørg alijua. Mimi nilijua.

Nilisema, “Hii ina mwenyewe. Kuna mtu anaisubiri.”

“Mwenyewe kafa, mwenzangu. Hiyo harufu si ya mtu aliye hai.”

“Aliyekufa hapimiwi upindo.”

Eldbjørg aliichukua sketi. Akaikunja, akaipapasa kama anamlaza mtoto. Kisha akasema, “Si wewe uliyeandika kanuni? Ikae siku moja. Basi itakaa.” Alisema hivyo mkono ukiwa mdomoni, kama alivyokuwa akisema kila kitu.

Sasa ninaeleza habari ya mkono huo. Februari 2019 Eldbjørg aliteleza kwenye barafu katika mlango wetu wa nyuma akiwa amebeba sanduku la sahani za duka. Meno matatu ya mbele yalivunjika. Sahani hazikuvunjika; tuliziuza Jumamosi yake. Kwa kuwa hakuwa mwajiriwa, hakukuwa na fidia, na kwa kuwa ni mtu mzima, meno ni juu yake. Nchi hii ukivunjika goti unatengenezewa, ukivunjika jino unaambiwa hilo ni lako. Nimeandika kuhusu hili gazetini mara kumi na moja. Usharika ulimpelekea keki. Jina lake lilikuwa limekosewa juu ya keki. Yeye anaishi kwa malipo ya ulemavu, na tangu siku ile alikuwa anacheka na kiganja usoni, na mwisho akaacha kucheka. Afisa amesema hilo halihusiani na shauri. Nimemwomba aliandike, ameliandika.

Niliposikia habari ya kanuni yangu kutoka mdomo ule, nilipaswa kumpigia Håkon Sandvik. Namba yake tulikuwa nayo kwenye karatasi ya mapokezi, hatua mbili kutoka nilipokuwa nimesimama. Nilisema kahawa imechemka.

Wakati tunakunywa, Eldbjørg alifungua kile kimfuko cha kiunoni akatoa bizimu ya fedha, ile pini kubwa ya kifuani yenye visahani vinavyotikisika. Akanisukumia mezani.

“Hii chukua wewe. Mimi nikivaa fedha nafanana na farasi wa maonyesho.”

Nilicheka. Niliiwekea bei ya krona sitini, nikaipeleka kwenye kabati la kioo, nyuma ya vikombe vya kahawa.

Jumanne tarehe 17 Januari bunadi ilining'inia dukani tangu tulipofungua saa tano asubuhi hadi tulipofunga saa kumi na moja jioni. Haikuwa siku yangu ya zamu, lakini nilipita saa nane mchana na niliiona. Ilikuwa ndani ya mfuko wa kijivu, zipu imefungwa, kwenye ufito wa majoho ya kuogea, wa mwisho ukutani. Kibandiko kilisema: “Nguo ya kike, sufu, krona 400.” Mteja asingeweza kujua ni nini. Ndiyo maana iliwekwa hivyo. Jumatano asubuhi Eldbjørg alilipa krona mia nne. Mimi nililipa sitini. Risiti zote mbili zipo. Kanuni ilifuatwa neno kwa neno.

Jumamosi tarehe 11 Februari, saa saba kasoro dakika kumi mchana, Live Sandvik aliingia dukani peke yake. Wakati huo sikumjua jina. Alikuwa amevaa koti la mvua, akasimama mbele ya Eldbjørg kwenye kaunta. Mimi nilikuwa nyuma ya rafu ya vitabu, kama hatua nne.

“Samahani mama, mmepata bunadi hapa? Baba aliichanganya na mapazia.”

Eldbjørg alisema hakuna kitu kama hicho, ajaribu duka la mjini.

Yule binti hakuondoka. Alisema ni rahisi kuitambua. “Ina uzi wa manjano chini. Bibi alinipandisha kwenye stuli jikoni, nikasimama mpaka miguu ikafa ganzi. Alisema uzi usitolewe, angemalizia Jumapili.”

“Pole, mwanangu. Hatujaiona.”

Kisha akanigeukia mimi. Aliniona katikati ya vitabu. Ananijua, mimi ndiye mkutubi wa shule yao, nimewahi kumwambia mbele ya darasa zima kwamba mtu hupimwa kwa anachokisema pale ambapo kunyamaza kungekuwa rahisi. Aliuliza, “Na wewe, mwalimu?”

Nilitikisa kichwa kukataa.

Hilo ndilo tendo langu, na ninataka liandikwe kwenye mstari wake peke yake.

Alishukuru, akafunga mlango polepole ili kengele isilie sana. Eldbjørg alikuwa ameshika kaunta kwa mikono miwili. Baadaye alisema, bila kunitazama, kwamba tangazo lilikuwa limeshawekwa mtandaoni. Nilimwambia aliondoe. Akasema amekwisha kwenda kwa daktari wa meno mara mbili, na daktari haachi kazi katikati. Hatukulizungumza tena.

Aliiuza mwishoni mwa Februari kwa krona elfu ishirini na mbili kwa mwanamke wa Ålesund. Tangazo lilikuwa na jina lake kamili. Hakujificha, aliamini kanuni ingemlinda. Kwenye picha uzi wa manjano haukuwepo, lakini Håkon Sandvik alipoliona tangazo mwezi Machi alizitambua nakshi za mama yake, ndipo akaja kwenu.

Jumanne ya juzi, tarehe 11 Aprili, saa kumi na mbili jioni, Eldbjørg alikuja kwangu. Alivua viatu mlangoni, akakaa jikoni. Meno yake mapya ni mazuri. Hakuweka tena mkono mdomoni, lakini mkono ulikuwa unapanda wenyewe, kisha anaurudisha mapajani.

Alisema, “Sikuombi uongo. Waambie tu ilikaa siku moja na nikalipa. Si ni kweli?”

Nilisema ni kweli.

“Miaka kumi na tisa nimechambua soksi za watu, Torgunn. Soksi. Chupi. Mara moja tu kikaja kitu kizuri.”

Nilimwambia haikuwa mara moja tu, wala si kwake tu. Nilimuuliza alipoutoa ule uzi alifikiri nini. Kisha akasema aliutoa akiwa amefumba macho, kwa vidole, na hakuutupa. Upo kwenye droo yake ya vijiko, ameuviringisha kwenye kibiriti. Alilia. Nilimtengenezea mkate na jibini ya kahawia, akala, kwa sababu sasa anaweza kuuma. Alipokuwa anavaa viatu alisema, “Sema utakavyosema. Mimi nimechoka kumwona yule mtoto mlangoni.” Mimi pia ninamwona.

Kwa hiyo ninajibu swali lako. Je, vazi lilikaa dukani siku moja nzima? Ndiyo. Je, liliuzwa dukani? Hapana. Lilifichwa dukani kwa siku moja, na kanuni niliyoiandika ndiyo ilikuwa kabati la kulifichia. Tulijua lina mwenyewe kabla halijapewa bei. Eldbjørg aliiba kutoka kwa mtoto huyo. Na wote mliomwacha aanguke mlangoni kwetu na kumpa keki, nanyi mtafutiwe karatasi yenu ya mashtaka, hata kama polisi haina fomu ya hivyo.

Haya ndiyo niliyoyaona, niliyoyafanya na niliyoyanyamazia. Nimeyasoma mwenyewe kabla ya kuweka jina langu.

(Sahihi) Torgunn Aasland

Maelezo ya afisa: Shahidi alisoma kurasa zote mara mbili na kurekebisha herufi katika sehemu sita, zote makosa yangu. Katika aya ya pili kutoka mwisho ya maelezo yake alikata neno “aliiba”, akaandika juu yake kwa kalamu “tuliiba”, na kulikata jina la Eldbjørg lililotangulia. Rekebisho limetiwa sahihi pembeni. Kabla ya kuondoka alitoa kwenye mfuko wa koti bizimu moja ya fedha iliyofungwa kwenye leso, akaiweka mezani. Niliposema nitamwandikia stakabadhi, alisema si yake kupewa stakabadhi. Saa sita na nusu mchana nimewaarifu polisi wa Ålesund wamwombe aliyeuziwa vazi asilipunguze wala kulishona. Wamejibu kwamba upindo bado uko wazi, haujashonwa.

J. Myklebost